Bangili ya Somo

Mwanangu alijifungua Jumanne asubuhi, na kabla ya adhana ya adhuhuri nilikuwa nimeshanyang'anywa. Hakuninyang'anya mumewe, wala wakwe zake. Iliyoninyang'anya ni bangili.

Nayaandika haya kwa wanawake wenye mabinti. Yasomeni mpaka mwisho, kisha kila mtu aende akaamue na nyumba yake.

Uchungu wa Nuriati ulitangulia siku nane. Alikuwa amerudi kwangu Muheza, maana kwetu mwenye mimba ya kwanza hujifungulia kwa mama. Uchungu ulipomshika nilikuwa jikoni na uji. Uji wangu ni wa pilipili manga, naukoleza kwelikweli, na tangu yuko mdogo Nuriati hunigombeza kwa ajili yake: "Mama, unataka kuniua?" Halafu anamaliza bakuli. Nikasema tangulieni, nitawafuata na uji wa moto. Aliyempeleka kituo cha afya ni somo yake aliyemfunda, Bi Mwanahija, ambaye ukuta wake na ukuta wangu ni mmoja.

Nilipofika na chupa ya uji kwapani, mjukuu wa kike alikuwa ameshazaliwa. Kondo limetoka. Shanga zimefungwa kiunoni kwa Nuriati, na bangili ya shanga hizo iko mkononi mwa Bi Mwanahija.

"Si mngenisubiri?" nikamwambia nesi, Sista Eliwaza.

"Mama, usinikasirikie. Shanga zinafungwa ndani ya saa mbili tangu kondo litoke, na mshika uzi, yaani mvaa bangili, lazima awepo. Aliyekuwepo ni huyu."

"Mimi ndiye niliyemzaa."

"Najua, mama. Ila homoni hazimsubiri mtu."

Akanivuta mpaka kwenye kioo cha ukutani. Kilikuwa kinaonyesha mistari miwili iliyopanda kama mlima, halafu ikakatika.

"Huu estrojeni, huu projesteroni," akasema. "Miezi tisa zinapanda tu, na ubongo unazizoea. Kondo likitoka zinaporomoka kwa siku mbili tatu. Sasa, estrojeni ndiyo inayoisaidia serotonini, ile kemikali inayomfanya mtu aamke aione dunia ina maana. Na projesteroni mwili unaigeuza kuwa kitu kinachotuliza ubongo. Zikiondoka kwa mpigo, wengi wanalia siku chache, yanapita. Wapo ambao hayapiti. Wewe ulipomzaa Nuriati ilikuwaje?"

Nikaitazama chupa yangu ya uji. Nilipomzaa Nuriati nilikaa miezi minne nikiutazama ukuta. Walisema nimerogwa.

"Ndiyo maana ya shanga," Sista akaendelea, kama amenisikia. "Zinampitishia dawa kwenye ngozi kidogo kidogo, anashuka kwa ngazi badala ya kuanguka kutoka darini. Na hii bangili inaziambia shanga mtu wake yuko karibu. Akisogea, zinatoa tone la oksitosini, ile inayoshusha maziwa na kumfanya mtu ajione yuko mikononi mwa mwenyewe. Mshika uzi ni mmoja, siku arobaini, haivui. Shanga zinasikiliza mapigo yake na joto lake. Yeye akitulia, na mzazi anatulia."

Bi Mwanahija alikuwa amekaa kitandani, mkono wenye bangili kwenye nywele za mwanangu. Akaniambia kwa upole, "Mama Nuriati, njoo umwone mjukuu." Alinikaribisha. Mimi, kwa mwanangu, nakaribishwa!

*

Wasiojua mila zetu niwaeleze. Mama mzazi haangalii kiuno cha binti yake. Binti akivunja ungo unamtafutia somo, naye ndiye anayemfunda, anayemtungia shanga na kuzijua. Mimi mwenyewe nilimpeleka Nuriati kwa Bi Mwanahija, akiwa na miaka kumi na mitatu, na sinia la mchele. Nilimchagua kwa kuwa Mungu hakumjalia mtoto, nikaona atamshika wangu kwa mikono miwili. Alimshika. Sina pa kumlaumu hapo.

Kwa hiyo kila asubuhi na kila jioni pazia lilishushwa chumbani kwangu, mimi nikiwa nje, Bi Mwanahija ndani. Ushanga mkubwa wa katikati ndio unaosema hali: ukiwa kijani ni salama, ukiwa njano piga simu, ukiwa mwekundu mkimbize. Akitoka ananiambia, "Kijani, alhamdulillahi." Nami najibu alhamdulillahi, huku nasaga meno.

Maana nilikuwa nayaona. Nikiingia mimi chumbani, Nuriati ananitazama vizuri tu, kama mtu anavyomtazama mgeni mwenye adabu. Akiingia somo yake, uso unafunguka kama dirisha, maziwa yanalowanisha kanga. Anamuuliza, "Somo, ulikuwa wapi?" Mwenyewe alikwenda chooni tu!

Siku ya tano nilifanya makusudi. Nikautia uji pilipili manga hata mimi machozi yakanitoka. Nikampa, nikasimama kusubiri nigombezwe. Akanywa wote, akanirudishia bakuli.

"Asante, mama. Mtamu."

Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia. Watu watasema huyu ana kichaa, mwanawe ametulia, ananyonyesha, analala, yeye analilia uji. Semeni. Nilitaka mwanangu anigombeze.

Nami mwenyewe sikuwa sawa. Mwaka ule hedhi yangu ilikuwa inakatika. Nilikuwa napandwa na joto kutoka kifuani mpaka utosini, moyo unakimbia kama nimefumaniwa, jasho tiriri, kisha baridi. Naamka na hasira ambayo sijui nimelala nayo wapi. Sista aliwahi kuniambia ni estrojeni hiyohiyo, kwangu inaondoka kwa miaka na kwa Nuriati imeondoka kwa siku. Yaani mimi na mwanangu tulikuwa tunashuka mlima mmoja. Ila yeye alikuwa na ngazi.

*

Bangili haivuliwi, walisema wenye bangili. Lakini wenye bangili hawakuwauliza watu wanaotia udhu. Ilikuwa pana, imebana kifundo cha mkono, maji hayapiti chini yake, na Bi Mwanahija si mtu wa kuswali na udhu wa mashaka. Mara tano kwa siku aliivua, akaiweka dirishani juu ya kitambaa, akaenda kwenye bomba.

Siku ya nane, adhuhuri, nikaichukua.

Nilitaka kuijaribu tu. Nikaivaa, ikanibana, ikatetemeka kidogo kama kuku aliyeshikwa. Nikaingia chumbani.

Nuriati akageuka. Uso ukafunguka.

"Mama," akasema. "Mama, njoo ukae hapa. Mbona leo unanukia vizuri?"

Nikakaa. Akaniegemezea kichwa begani, mtoto Rukia akinyonya katikati yetu, na nikamsikia mwanangu akipumua kama alivyokuwa akipumua akiwa na miaka miwili. Nikasikia Bi Mwanahija anatoa salamu ya mwisho ya swala yake. Nikanyanyuka, nikairudisha dirishani.

Kuanzia hapo swala za Bi Mwanahija zilikuwa fupi mno kwangu. Nilianza kumwambia, "Somo, ongeza na sunna, usikimbilie."

"Umekuwa mcha Mungu siku hizi, Mama Nuriati."

"Uzee, shoga."

Siku ya kumi na mbili asubuhi akapigiwa simu, kaka yake amefariki Pongwe. Alitoka kwenye bomba na uso umelowa, hajui maji ni yapi na machozi ni yapi. Akavaa baibui haraka. Bangili ikabaki dirishani. Niliiona. Nilimwona akiipita.

Alikumbuka akiwa njiani, akapiga simu. "Mama Nuriati, bangili nimeisahau, nami siwezi kurudi, wanazika leo. Mpigie Sista aje awasimamie kwa muda, walisema mshika uzi akisafiri kituo kiambiwe. Na jamani, mwangalie ushanga. Najua si kazi yako, lakini mwangalie."

"Nimeshampigia Sista," nikasema. "Lia na ndugu zako, shoga. Huku usiwe na wasiwasi."

Sikuwa nimempigia mtu yeyote. Nilikuwa nimeshaivaa.

*

Siku ya kwanza ilikuwa siku tamu kuliko zote za maisha yangu, sitaificha. Nuriati alinisimulia mambo ambayo sikuwahi kuyajua, ya shuleni, ya mumewe. Alitaka nimsuke. Nilipokwenda jikoni akanifuata, akakaa kwenye kigoda, anichambulie mchele.

Siku ya pili alinifuata mpaka bombani. Nikimwambia mtoto analia, anasema, "Muda si mrefu, mama," na macho hayanitoki. Mchana joto likanipanda nikiwa na moto wa kuni mbele yangu. Bangili ikatetemeka. Nuriati akasimama ghafla, ameshika kifua.

"Mama, kuna nini? Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mwanangu. Ni joto tu la watu wazima."

"Hapana. Kuna kitu."

Jioni ile ilikuwa saa ya kuangalia ushanga. Nikasimama mlangoni. Mkono ulikataa. Nilijiambia ni mila, mama haangalii. Mila hiyo niliyoikumbuka mlangoni sikuikumbuka nilipovaa bangili ya mtu. Wallahi nadhani niliogopa ushanga utasema kweli.

Siku ya tatu aliamka hazungumzi. Hakula. Rukia analia naye anamtazama kama anavyotazamwa mtoto wa jirani. Mimi moyo unanikimbia kwa hofu, bangili inatetemeka, na kadiri ninavyoogopa ndivyo anavyozidi kunisogelea na macho yake makavu. Alasiri nikasema nimkorogee uji. Nilikaa jikoni muda wa kukoroga uji tu.

Nikatoka na bakuli. Nuriati amekaa ukumbini, mikono mitupu, amechana nywele, ametulia.

"Mtoto yuko wapi?"

"Nimempeleka, mama."

"Umempeleka wapi?"

"Alikuwa anakuunguza," akasema taratibu, kama anayemweleza mtoto. "Siku tatu unaungua ndani, nakusikia. Ni yeye. Sasa utapoa."

Nje nikasikia king'ora cha mkokoteni wa machungwa.

Mikokoteni ile mnaijua. Inajiendesha yenyewe kwa umeme, inapita barabarani kila alasiri, inasimama kila penye tenga, mkono wa chuma unalipakia, inaendelea mpaka kiwandani, na huko matenga yanamwagwa kwenye mashine ya kuosha na kuchagua. Hakuna mtu juu yake. Nuriati alikuwa amemlaza Rukia ndani ya tenga langu mwenyewe la kando ya barabara, juu ya machungwa, amemfunika na kanga.

Nilikimbia peku. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, nimeshika kanga kwa meno, napiga kelele, simama, simama, kama kwamba ule mkokoteni ulikuwa na masikio. Ulisimama kwa Mzee Semkiwa kuchukua matenga yake, na huo ndio uliokuwa msaada wa Mungu. Nikapanda gurudumuni. Tenga la tatu. Kanga ilikuwa inacheza. Rukia alikuwa macho, amenyamaza, shavu limegandamizwa kwenye chungwa, na juu yake mkono wa chuma umeshanyanyua tenga jingine kulipanga.

Nikamtoa. Tenga likashuka pale alipokuwa.

*

Niliporudi nilimlaza Nuriati, nikashusha pazia, nikaifungua kanga ya binti yangu. Ushanga wa katikati ulikuwa mwekundu kama kidonda.

Nikavua bangili, nikapiga simu kituoni. Sista Eliwaza alikuja na pikipiki yake kabla uji haujapoa. Alimchoma Nuriati sindano ya kumlaza, akaweka kipimo chake kwenye shanga, akasoma, halafu akanitazama.

"Nani aliivaa bangili?"

"Mimi."

"Siku ngapi?"

"Tatu."

Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. "Shanga zilimjua Bi Mwanahija," akasema. "Mwili wake, mapigo yake. Zilipokutana na mwili mwingine kutwa kucha, zenye dawa ya kutuliza zilijifunga, ndivyo zilivyotengenezwa, zisimwage dawa bure. Ile ya oksitosini haijifungi, inafuata bangili tu. Na kila ulipopandwa na joto, bangili ilimwambia mwanao kuwa mtu wake yuko hatarini. Mama, ulimpa mapenzi bila utulivu."

Nikasema moyoni, hicho ndicho nilichokuwa nacho. Sikuwa na kingine cha kumpa.

"Sasa nisikilize," akasema. "Naweza kukuandika wewe. Ni haki yako, wewe ndiye mama. Nitakupa dawa ya kukutuliza hilo joto, shanga zitajifunza mwili wako siku nne au tano. Siku hizo nne tano atakuwa hana ngazi. Tutamlaza, tutamlinda, lakini siwezi kukuapia. Au namwita Bi Mwanahija, na kesho asubuhi ushanga utaanza kurudi njano."

"Na akiendelea yeye, mwanangu atakuwa wake?"

"Kwa siku ishirini na sita hizi, ndiyo. Baada ya hapo sijui. Hakuna anayejua, mama. Tunapima damu, hatupimi hilo."

Nilimtazama Nuriati amelala. Niliwaza, siku nne tu. Niliwaza hivyo huku nimempakata mtoto mwenye alama ya chungwa shavuni! Wivu haufi kwa kuogopeshwa, msidanganywe. Unakaa kimya kidogo, unasubiri.

Nikachukua simu. "Somo," nikasema, "rudi."

Bi Mwanahija aliingia kabla ya magharibi, ameacha khitma ya kaka yake. Nilimweleza yote nimesimama. Alisikiliza mpaka nikamaliza.

"Uliivaa nikiwa naswali pia?"

"Niliivaa."

"Ndiyo ile 'ongeza sunna'?"

"Ndiyo hiyo."

Akaguna. "Mimi nimeishi ukuta mmoja na wewe miaka thelathini nikisikia unaitwa mama. Sikuwahi kukuibia hata mara moja." Akanyoosha mkono.

Nikamvalisha mimi mwenyewe. Ikambana, ikatetemeka, ikatulia. Chumbani, usingizini, Nuriati akashusha pumzi ndefu. Nami nikaenda nje kukaa mahali pangu.

*

Siku ya arobaini Sista alikata uzi, akamvua Bi Mwanahija bangili, akaviweka vyote kwenye mfuko, akatuachia mwanamke mtupu kama Mungu alivyomwumba. Tulikaa naye ukumbini, mimi huku, Bi Mwanahija kule. Nilimwona mwenzangu akimtazama Nuriati usoni, akikitafuta kile cha jana. Hakikuwepo. Nuriati alimtazama vizuri tu, kama mgeni mwenye adabu. Namjua mtu anayetafuta hivyo. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Halafu Nuriati akanigeukia mimi.

"Mama. Siku ile ya mkokoteni. Kila siku nasubiri mtu aniambie, hakuna anayeniambia. Nilikuwa nani siku ile?"

Siku zote ishirini na sita mwanangu alikuwa akidhani ni yeye. Na mimi nilikuwa nimemwacha adhani.

"Ulikuwa mimi," nikasema.

Nikamweleza, bangili, simu, uongo, mlango niliosimama nisiingie. Rukia akanyonya, akalala. Nuriati hakulia. Alivuta bakuli la uji lililokuwa mbele yake, akanywa funda moja, akalishusha.

"Pilipili manga zimezidi," akasema. "Unataka kuniua?"

Hakucheka. Akamnyanyua mtoto wake, akaingia chumbani, akafunga mlango. Bakuli aliliacha nusu. Hajawahi kuliacha nusu.

Sasa nasikia shanga mpya zinakuja, za mabinti wanaovunja ungo, ili wasiwe na hasira wala majonzi ya umri ule, na zenyewe zitakuwa na bangili. Mimi sisemi msizifunge. Zinafanya kazi, ningekuwa nazo mimi, nisingeutazama ukuta miezi minne. Ila kabla hamjatoa kiuno cha mtoto kifungwe, ulizeni bangili itakaa mkononi mwa nani. Kisha mtafuteni yule ambaye hatapewa, mumtazame machoni.

Asubuhi ile ya siku ya arobaini, mlango umefungwa, nililisukuma bakuli upande wa Bi Mwanahija. Akalichukua, akanywa, akakohoa mpaka machozi.

"Kweli unataka kuua watu," akasema.

Akanywa mpaka mwisho.